Maabara za vyuo na programu nafuu za kuchambua vinasaba: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

KILOSA, Morogoro – Sampuli ya damu ya ng'ombe aliyeugua katika bonde la Mto Mkondoa, kandokando ya Reli ya Kati kutoka Munisagara hadi Kilosa mjini, haitoi jibu kamili mpaka vinasaba vya kirusi kilichomo visomwe na kulinganishwa na vya virusi vingine. Kazi hiyo huanzia kwenye mashine lakini humalizikia kwenye kompyuta, na hapo maabara ya chuo inaweza kukutana na gharama ambayo haikupangwa: leseni ya programu inayolipiwa kila mwaka.

Umuhimu wake unafahamika wilayani humo. Mwaka 2007 Kilosa ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizokumbwa na homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, unaoharibu mimba za mifugo na kuweza kumuua binadamu. Kulinganisha kirusi cha mlipuko mmoja na cha mlipuko uliotangulia husaidia kubaini iwapo kilibaki eneo hilo hilo au kimeingia kutoka kwingine, jambo lenye uzito katika uamuzi kuhusu chanjo na usafirishaji wa mifugo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ukubwa wa kazi yenyewe. Kirusi hicho kina vipande vitatu vya vinasaba vyenye jumla ya herufi takriban 12,000. Faili la mfuatano huo ni dogo kuliko picha moja ya simu, na kompyuta mpakato ya kawaida inalimudu. Data ghafi za mashine za kisasa za kusoma vinasaba ni suala jingine, kwa kuwa huhitaji hifadhi kubwa; lakini si kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili anazishughulikia.

Kwa kazi za kila siku, programu za bure zinatosheleza kwa kiasi kikubwa. UGENE ni programu huria inayofungua matokeo ya mashine, kupanga mifuatano sambamba na kufanya kazi bila intaneti. Primer3 husaidia kubuni praima, yaani vipande vifupi vinavyoanzisha unakilishaji katika kipimo cha PCR. MEGA huchora mti wa ukoo wa virusi. ApE, iliyotengenezwa na M. Wayne Davis wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, inafaa kwa ramani za plasmidi. Hifadhidata ya GenBank, iliyoanza mwaka 1982, nayo hutumika bila malipo.

Hata hivyo, bure hiyo ina gharama yake. Programu hizi hazifanani kwa mwonekano wala mpangilio, hivyo mwanafunzi hujifunza nne badala ya moja, na muda wa mwalimu nao ni fedha. Programu za kulipia kama SnapGene na Geneious hukusanya kazi nyingi mahali pamoja. Maabara inayounda plasmidi kila wiki ina sababu ya kuilipia. Ile inayosoma sampuli chache kwa msimu haina. Ikibidi kununua, leseni moja kwenye kompyuta ya pamoja huenda ikatosha.

Aidha, nakala zilizovunjwa kufuli si njia ya kubana matumizi. Zinakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na mara nyingi huja na virusi vya aina nyingine, vile vinavyofuta mafaili ya tasnifu.

Programu za mtandaoni kama Benchling, ambayo hutolewa bure kwa wanataaluma, hurahisisha kushirikiana, lakini mtandao ukikatika kazi husimama. Zaidi ya hapo, data hukaa kwenye seva za nje. Iwapo sampuli zimetoka kwa wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, na majina yao hayapaswi kuambatana na mifuatano hiyo.

Jambo ambalo husahaulika zaidi ni muundo wa mafaili. Mradi wa miaka mitatu ukiisha, leseni yake huisha nao, ilhali mlipuko unaofuata unaweza kuja miaka mingi baadaye. Mfuatano uliohifadhiwa katika muundo wa FASTA, ambao ni maandishi matupu, utafunguka kwenye kompyuta yoyote, pamoja na daftari linaloonesha sampuli ilichukuliwa kijiji gani na tarehe ipi.