Kwa nini maduka na hoteli za zamani Tanga zinapotea?

Katikati ya Tanga maghorofa ya zamani bado yapo: duka chini, familia juu, baraza mbele. Wenye maduka ndio wengi wameondoka.

Watu husingizia supamaketi. Lakini duka la Mhindi na hoteli ya chai viliishi kwa hela ya mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na wateja wakaishiwa.

Halafu ikaja sheria ya 1971. Serikali ikachukua majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Kuna aliyejikuta mpangaji kwenye ghorofa la babu yake. Wengi wakafunga, wakaenda Uingereza na Kanada.

Chai na maandazi bado vipo, tena kila kona. Kinachokwenda na duka la zamani ni daftari la mkopo: chukua sukari leo, lipa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenye duka anamjua mama yako. Siku hizi mkopo huo unatafutwa kwenye simu, na riba juu.