Iramba na Mkalama: Ardhi Moja, Mipaka Mingi

Wilaya za Iramba na Mkalama ziko kaskazini mwa Mkoa wa Singida. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Ili kuielewa historia ya utawala wake, yafaa kwanza tuitazame sura ya nchi yenyewe.

Sura ya nchi

Iramba ni nchi ya ngazi mbili. Ngazi ya juu ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ya chini ni mbuga ya Wembere, iliyo kwenye kimo cha mita 1,000 hivi. Baina yao umo mteremko mkali, ambao ni sehemu ya kingo za Bonde la Ufa. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huuteremka mteremko huo katika Mlima Sekenke.

Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi. Eyasi halina mto utokao. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke, nayo chumvi hubaki. Ndiyo sababu ziwa hilo ni la chumvi.

Utawala

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma Mkalama, upande wa mashariki. Chini ya Waingereza eneo hili liliwekwa katika Jimbo la Kati, na makao ya wilaya yakawa Kiomboi. Mwaka 1963 Mkoa wa Singida ulianzishwa, na mwaka huohuo mamlaka ya machifu yalifutwa nchini Tanganyika. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa mwaka 1984.

Mwaka 2012 upande wa mashariki ukawa Wilaya ya Mkalama. Jina la boma la kale limerudi, lakini makao ya wilaya yako Nduguti.

Funzo

Mteremko na mito haikuhama katika miaka hiyo yote. Kilichohama ni makao ya utawala. Kwa mwananchi wa kijijini, kila badiliko hupunguza au huongeza safari ya kuifikia ofisi ya wilaya. Mwanafunzi, chukua ramani ya wilaya yako, upime umbali kutoka kijiji chako hadi makao yake makuu, kisha ujiulize: ni mto gani, au mlima gani, ulioko njiani?