Mguu wa Tatu wa Plagi: Usalama wa Umeme Ndani ya Amplifaya ya Nyumbani

Amplifaya ya nyumbani, iwe imesimama peke yake au imefichwa ndani ya sabufa, hukutanisha katika sanduku moja umeme wa aina mbili usiopaswa kugusana. Wa kwanza ni ule wa ukutani, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wa volti 230 hadi 240 na hubadili mwelekeo kwa marudio ya hezi 50. Wa pili ni ule unaobeba sauti kutoka kwenye simu au runinga, ambao kwa kawaida hauzidi volti 2 na ambao nyaya zake hushikwa na kila mtu sebuleni, watoto wakiwamo. Msanifu wa saketi, kabla ya kufikiria uzuri wa sauti, hana budi kuhakikisha kwamba nguvu inavuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili pasipo waya wenye umeme wa ukutani kufika kwenye mkono wa msikilizaji.

Kivuko hicho ni transfoma, yaani koili mbili zilizotenganishwa kwa kihami na kuzungushwa kwenye kiini kimoja, ambazo hupokezana nguvu kwa njia ya usumaku peke yake. Katika amplifaya za zamani transfoma ni kubwa na nzito, na umeme hupunguzwa kwanza ndipo daiodi ziugeuze kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja. Katika vifaa vyepesi vya siku hizi mpangilio umegeuzwa: umeme wa ukutani hunyooshwa kwanza ukiwa bado mkali, na kwa kuwa kilele cha mkondo geu hupita kipimo chake cha kawaida kwa takriban mara 1.4, kapasita iliyo baada ya daiodi hujaa hadi karibu volti 325. Kapasita ya namna hiyo yenye mikrofaradi 220 huhifadhi nishati ya jouli 11 hivi, na yaweza kubaki nayo hata baada ya plagi kuchomolewa. Ndiyo sababu fundi makini huipima kwa mita kabla ya kuigusa, na akiikuta imejaa huipunguza taratibu kwa kizuio cha umeme, si kwa kuziunganisha ncha zake kwa bisibisi.

Hata hivyo transfoma huweza kuungua na waya huweza kulegea, kwa hiyo kinga ya pili huhitajika. Vifaa vya daraja la kwanza hutumia waya wa ardhi, ambao hutoka kwenye mguu wa tatu wa plagi na kukazwa kwenye bodi la chuma. Waya wenye umeme ukigusa bodi hilo, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Vifaa vya daraja la pili, ambavyo hutambulika kwa alama ya mraba ndani ya mraba, havina waya wa ardhi kwa sababu vimewekewa vihami maradufu. Ifahamike kwamba fyuzi ya ampia 13 haikuwekwa kumlinda mtu, bali kuzuia nyaya zisishike moto: mkondo wa miliampia 10 tu waweza kukaza misuli hadi mkono ushindwe kuachia, na miliampia 30 zikidumu zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ilhali fyuzi hiyo haina habari.

Mguu huo wa tatu ndio unaoonewa zaidi, na sababu yake ni mvumo. Amplifaya yenye waya wa ardhi ikiunganishwa kwa nyaya za sauti na kompyuta yenye waya wa ardhi pia, hutokea mzunguko unaopita kwenye nyaya hizo na kurudi kupitia ukutani, na ndani yake hutiririka mkondo mdogo wa hezi 50 ambao spika huutoa kama ngurumo nzito isiyokoma. Wapo wanaokata waya wa ardhi, ngurumo ikanyamaza, kazi ikahesabika imekwisha. Kilichokatwa hapo ni kinga yenyewe, kwani hitilafu ikitokea bodi lote litabeba umeme wa ukutani, na mkondo huo utatafuta njia kupitia waya mwembamba wa sauti au mwili wa atakayegusa.

Tiba halali imo ndani ya saketi. Msanifu hukutanisha nyaya zote za marejeo, yaani zile zinazorudisha mkondo, mahali pamoja, kisha aweza kuweka kizuio cha omu 10 hivi, kikisindikizwa na daiodi zinazohimili mkondo mkubwa, kati ya marejeo ya sauti na bodi la chuma, huku bodi lenyewe likibaki limefungwa ardhini. Kwa mnunuzi asiyetaka kufungua kitu, transfoma ndogo ya kutenganisha sauti huchomekwa kwenye nyaya za sauti na kuuvunja mzunguko. Aidha, si kila mvumo ni wa waya wa ardhi: ule wa hezi 100, wenye sauti ya juu kidogo, mara nyingi hutokana na kapasita kubwa ya kuchuja iliyochoka, kwa kuwa daiodi hunyoosha nusu zote mbili za wimbi na kuongeza marudio maradufu. Kukata waya wa ardhi hakuponyi kapasita.

Amplifaya yenye bodi la chuma, plagi ya miguu miwili na isiyo na alama ya miraba miwili haifai kununuliwa, hata sauti yake iwe tamu namna gani. Na fundi aliyerudisha amplifaya ikiwa kimya kwa kukata waya wa ardhi arudishiwe aufunge waya huo upya.