Bunduki Imeigwa, Mbebaji Je?

Asubuhi moja ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi hapa Nunguni katika milima ya Kilungu, mwanafunzi wa kidato cha pili alinijia akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alipokifungua niligutuka. Ilikuwa bunduki. Ilikuwa na kitako kilicholainishwa hata kikang'aa, mtutu mrefu, na chini ya kifyatulio palikuwa na kitanzi ambacho kijana alikisukuma mbele kwa vidole vyake na kukirudisha nyuma, kama tulivyozoea kuona katika filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtutu ule ulikuwa wa mti wa jakaranda uliopakwa rangi nyeusi ya viatu, na kwamba kitanzi kilikuwa kipande cha waya kilichokunjwa kwa ustadi.

Sikuwa na haki ya kugutuka, kwani mimi ndiye niliyemwagiza. Nilikuwa nimetunga mchezo wa kuigiza kuhusu ziara ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyekuja kuwinda katika nchi yetu mwaka 1909. Kijana huyu, mwenye mikono ya mchongaji kama ilivyo mikono mingi ya Ukambani, nilimpa picha kutoka kitabu cha zamani nikamwambia, "Tutengenezee hii." Naye alitengeneza. Nikamkataza kuitoa nje ya lango la shule bila mimi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inatambua hata kifaa chenye sura tu ya bunduki kisichoweza kufyatua chochote, na anayekitumia kwa nia ya uhalifu hana pa kujificha. Sikutaka kuanza kumfafanulia afisa wa polisi kizuizini, ndani ya matatu, kwamba hii ni sanaa.

Jioni hiyo tukafanya mazoezi. Wavulana sita walitaka kuwa Roosevelt, maana ndiye mwenye miwani, masharubu na bunduki. Hakuna aliyetaka kuwa mpagazi. Msichana mmoja niliyempa nafasi ya kuibeba bunduki na kumkabidhi bwana wake wakati simba anapotokea, alipitia kurasa zake mara mbili, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, mimi naitwa nani?"

Nilitazama maandishi yangu mwenyewe. Yalisema: "Mbebaji wa Kwanza." Nilitafuta maneno yake. Hakuwa nayo. Katika mchezo wa dakika thelathini, mtu aliyesimama hatua moja nyuma ya simba na hatua moja nyuma ya rais, hakuwa na jina wala neno hata moja.

Swali hilo limenikosesha usingizi, mpenzi msomaji, na ndilo lililonifanya nirudi kuichunguza bunduki yenyewe, niliyodhani naijua.

Jina lake ni Winchester ya mwaka 1895, na aliyeibuni ni fundi John Browning. Wanafunzi wa fizikia wataielewa haraka kwa sababu siri yake ni wenzo. Kile kitanzi kilicho chini kikisukumwa mbele, ganda lililokwisha tumika hutupwa nje. Kikirudishwa, risasi mpya huingia chumbani na nyundo husalia imetegwa. Bunduki za wenzo zilizotangulia zilipanga risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Mpango huo ulikuwa na hatari yake: risasi yenye ncha kali ingeweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele yake na kuilipua palepale. Browning akazihamishia risasi katika kijisanduku kilicho mbele ya kifyatulio, zikalaliana moja juu ya nyingine. Hivyo bunduki ya wenzo ikaweza kubeba risasi kubwa zenye nguvu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Urusi peke yake ilinunua karibu 300,000.

Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Walipanda gari la moshi hadi stesheni ya Kapiti, katika nyika ambayo msafiri wa leo aendaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa huipita karibu na Konza bila kugeuza shingo. Huko Kitanga, katika shamba la Sir Alfred Pease, ndiko alikowaua simba wake wa kwanza. Alikuwa na bunduki kadhaa, lakini Winchester ya kipimo cha .405 aliisifu kwamba kwake yeye hiyo ndiyo dawa ya simba. Safari ilipokwisha mwaka 1910, baba alikuwa ameua wanyama 296 na mwana 216. Ngozi na mifupa mingi ilipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Sasa nifikie jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Bunduki hiyo ilikoma kutengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili kwisha, ikabaki kuwa kitu cha wakusanyaji wa vikale. Lakini Wamarekani hawakuiacha ife. Mwaka 1984 ilianza kutengenezwa upya, safari hii katika kiwanda cha Miroku huko Kochi, Japani. Roosevelt alipotimiza miaka 150 tangu kuzaliwa, mwaka 2008, na safari yake ilipotimiza karne moja mwaka uliofuata, yakatolewa matoleo ya ukumbusho yaliyonakshiwa kwa heshima yake. Nao Waitaliano wa bonde la Val Trompia, mafundi wa Uberti miongoni mwao, kwa miongo mingi wamekuwa wakiiga bunduki za wenzo zilizo kongwe zaidi, zile za mwaka 1866 na 1873. Zile tulizozikodolea macho katika filamu, tukiamini ni za kale, mara nyingi zilikuwa na umri mdogo kuliko waigizaji.

Mwalimu mwenzangu wa historia, nilipomweleza haya, alicheka. Kwake yeye nakala ni uongo uliopakwa mafuta. Mimi sikubaliani naye. Nakala njema huihifadhi ile ya asili: mwenye hamu ya kujua jinsi wenzo ule unavyosikika mkononi hana haja ya kuichosha bunduki yenye miaka mia moja na ushei. Isitoshe, hawa mafundi wa Japani hawakumdanganya mtu. Chuma chao ni cha kisasa, wameongeza kizuizi cha usalama ambacho Browning hakukiweka (na wakusanyaji wengi hukinung'unikia kama jeraha usoni), na mtutu umepigwa mhuri unaosema ulikotengenezwa. Nakala hiyo inakiri kwamba ni nakala.

Mchezo wangu haukuwa na mhuri. Niliuiga kutoka kitabu cha mwindaji mwenyewe, alichokichapisha mwaka 1910, nikautia Kiswahili, nikauita historia yetu. Yeye alisimama katikati kwa sababu yeye ndiye aliyeandika. Mimi nikamwacha hapohapo katikati, na wala sikuwa na udhuru wa kuwa Mmarekani.

La kuaibisha zaidi ni kwamba Roosevelt, pamoja na kiburi cha zama zake alichowatazamia Waafrika, aliwataja watu wake kuliko nilivyowataja mimi. Niliporudi kukisoma kitabu hicho kwa jicho la yule msichana, majina yalijitokeza. Waliombebea bunduki mwanzoni ni Muhamed na Bakari. Waliombebea Kermit ni Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura kutoka Uganda. Baadaye anatokea Kongoni: jina la mnyama, bila jina la baba. Na Wakamba wa Kitanga na Kapiti wamo, kwa wingi wao, kama nyasi. Wapagazi walizidi 200. Hebu jaribu kukisia ni mabega mangapi yaliyochubuka kwa chumvi ile ya kuhifadhia ngozi peke yake. Iliondoka Kapiti kwa mizigo, si kwa mabawa.

Kazi ya mbebaji haikuwa ya upagazi tu. Simba anapofyatuka vichakani, mwindaji ana silaha mkononi. Mbebaji ana silaha ya pili ambayo si yake, ambayo haruhusiwi kuifyatua isipokuwa mambo yakiharibika kabisa, na kazi yake ni kusimama. Asipanue miguu. Asimame, bunduki iwe imejazwa, aitoe ya pili kitako kikiwa mbele. Ni ujasiri wa aina gani huo, wa kumngojea simba kwa silaha ya mwenzio? Mchezo mzima ungeweza kuandikwa juu ya hilo.

Na kwa nini silaha haikuwa yake? Hapa wanafunzi wa historia waweke kalamu tayari. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliopambana na biashara ya utumwa, ulizuia pia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Nunguni ipo takriban digrii 2 tu kusini mwa ikweta, yaani ndani kabisa ya uzio huo. Kilichoweza kuruhusiwa kwa wenyeji, tena kwa masharti, ni magobori ya gumegume. Lengo la kuzima utumwa lilikuwa jema, sibishi. Ila matokeo yake ni kwamba mwaka 1909 Mkamba aliweza kuishika Winchester kutwa nzima, kuisafisha usiku, kuijua kuliko mwenyewe, na asiweze kuimiliki hata kidogo.

Alichokimiliki ni uta. Wazee wetu walichemsha magome na vijiti vya msungu kwa saa nyingi hata vikatoa utomvu mweusi mzito kama lami, wakaupaka kwenye chembe za mishale na kuzifunika kwa kipande cha ngozi ili zisikauke. Sumu hiyo, ivai, hushambulia moyo, na ndovu aliyepigwa vizuri hakwenda mbali. Wakati wa biashara ya pembe katika karne ya 19, wawindaji hao ndio waliolisha misafara ya Kivui na wenzake kuelekea Mombasa. Kisha sheria za uwindaji zikaja: mwenye leseni na Winchester akaitwa mwanaspoti, mwenye uta akaitwa jangili. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, na hasa kampeni ya mwaka 1956 na 1957 ilipofika, Waata na Wakamba wengi walijazwa magerezani. Babu yangu aliuficha uta wake darini. Nilimkuta nao nikiwa mtoto, akaniambia ni mti wa kukaushia mahindi.

Sisemi kwamba ndovu wangeachwa waishe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wote mwaka 1977, wa tajiri na wa maskini, na naona ilifanya vyema. Wala sitaki mtu anitumie salamu kwamba natetea magobori ambayo mafundi wa vijijini, hasa katika nchi jirani ya Tanzania, huyafua kisirisiri hadi leo. Nayo ni nakala za bunduki za kale, lakini ni nakala zinazoweza kulipuka usoni mwa mwenyewe, na zimekwisha kuangamiza watu na wanyama wasio na hatia. Ninachouliza ni kwa nini, katika darasa lililo mwendo mfupi kutoka Kapiti, kijana aweze kuchonga Winchester kutoka picha bila kukosea kipimo, na asiwe amewahi kuona podo la babu yake.

Nilimuuliza swali hilo yule kijana. Akafikiri, kisha akasema, "Mwalimu, hukunipa picha yake."

Basi nimeuandika mchezo upya. Msichana sasa anaitwa Juma Yohari, na ndiye anayeufungua mchezo, peke yake jukwaani, akiipangusa bunduki ambayo si yake na kuwaeleza watazamaji jinsi wenzo unavyofanya kazi. Roosevelt haingii mpaka dakika ya saba. Mvulana aliyeipata nafasi hiyo amenuna, kwa kuwa maneno yake yamepunguzwa kwa nusu. Chini ya kitako cha ile bunduki ya jakaranda nimemwambia mchongaji aandike kwa kisu: mahali, mwaka, na jina lake.

Ameshaandika. Jumamosi iliyopita aliniomba ruhusa ya kwenda kwa babu yake upande wa pili wa mlima, akiwa na kamba ya kupimia na daftari. Mzee ana uta mmoja, aliniambia, lakini haoni vizuri tena, na kwanza ilibidi familia ikubaliane ni nani atakayepanda darini kuuteremsha.