Wawili Mtandaoni, Saba Uwanjani

Anayesikia kwa mara ya kwanza habari za Clubs, ile sehemu ya EA Sports FC ambamo kila mtu humwongoza mchezaji mmoja tu wa timu, hudhani lazima akusanye watu kumi na mmoja. Hapana. Kwa miaka mingi, tangu mchezo ulipokuwa ukiitwa FIFA, watu wawili wametosha kuiingiza klabu uwanjani. Tisa waliobaki huchezeshwa na kompyuta, au mmoja wa wale wawili hukubali kuwaongoza wote, akihama kutoka beki hadi winga kadiri mpira unavyokwenda.

Mbona wawili tu? Kwa sababu kompyuta haichoki wala haichelewi. Kiwango cha chini cha wachezaji hutegemea ni nani atakayesimama pale mtu asipokuwapo, na kwenye nyasi hakuna wa kusimama. Ndiyo maana Sheria ya 3 ya soka hairuhusu mechi kuanza wala kuendelea timu ikiwa na wachezaji chini ya saba. Tarehe 16 Machi 2002 Sheffield United, wakiwa nyuma 3-0 dhidi ya West Bromwich Albion, walikuwa na kadi nyekundu tatu, kisha wawili wakatoka kwa majeraha na wa akiba walikuwa wamekwisha. Walipobaki sita, mwamuzi akaivunja mechi dakika ya 82.

Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la Januari 2022, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa na sharti kali zaidi kwa sababu ya Korona: timu yenye wazima kumi na mmoja icheze, hata bila golikipa. Komoro ikaingia kuikabili Kameruni na beki Chaker Alhadhur golini. Mapema ikapata kadi nyekundu, ikacheza na watu kumi, ikafungwa 2-1 tu. Kwa maoni yangu, kipigo hicho kina heshima kuliko ushindi mwingi. Kwenye Clubs hali ile isingetokea, kwani lango linaweza kuachiwa kompyuta. Hata nafasi ya kumwongoza golikipa mtandaoni haikuwapo mwanzoni; ilifunguliwa katika FIFA 11.

Sasa tuje Bunia, mji wa Ituri nchini Kongo, maana hapa ndipo hesabu inapobadilika. Wawili wa Clubs si wawili wa padi. Katika kibanda cha michezo ya video, marafiki wawili hukaa mbele ya televisheni moja wakishindana. Clubs haitaki hivyo. Kila mmoja anahitaji mashine yake, akaunti yake na, kwenye konsoli, malipo yake ya kucheza mtandaoni. Juu ya hayo kuna intaneti isiyokatika na umeme usioyumba, mjini ambako jenereta ni jambo la kawaida, ingawa bwawa la umeme la Budana lililojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto liko hapo jirani, Djugu.

Mtandao ukimkata mmoja katikati ya mechi, mechi haivunjwi kama ya Sheffield. Kompyuta humchukua mchezaji wake na mpira unaendelea. Sharti la wawili hukaguliwa mlangoni tu.

Kwa hiyo, mwenye kibanda Bunia au mji wa Mongbwalu anayetaka kuunda klabu, anunue kwanza mashine ya pili. Wachezaji hawatakosekana.