Piga Picha za Njiani, Umjue Mwenzio

Hebu nikuulize swali la kichokozi: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kucheka mpaka machozi ilikuwa lini? Kama hukumbuki, karibu kundini. Mimi na mume wangu tulifika mahali maongezi yetu yakabaki mawili tu: "Luku imeisha" na "Leo nitachelewa kurudi."

Ijumaa moja nikamwambia, "Mume wangu, tutoke. Twende Iringa, taratibu, na gari letu wenyewe." Masharti yakawa mawili. Kwanza, hakuna kuzungumzia kazi. Pili, kila mmoja apige picha 10 tu za vituko vya njiani, na asimwonyeshe mwenzake mpaka usiku.

Vituko havina kiingilio

Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na njia nzima ni maonyesho. Kibanda cha kinyozi kimechorwa kichwa chenye shingo ndefu kama ya twiga. Duka limeandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga." Lori lililosheheni magodoro linakushauri kwa nyuma: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, nyani walikaa kando ya lami kama abiria walioachwa na basi. Hapo piga ukiwa ndani ya gari, na mwendo uwe wa pole. Ukimgonga mnyama kuna faini.

Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, ndipo tulipopewa somo. Mume wangu aliinua kamera bila hodi. Mama muuza vitunguu akawaka: "Wewe kaka, vitunguu vyangu hujanunua, sura yangu unaichukua bure?" Bwana mkubwa akanywea. Nikashuka, nikamwamkia mama, nikanunua mfuko mzima. Akajifunga kanga vizuri, akatabasamu. "Haya, sasa piga."

Foleni ya Kitonga

Mlima Kitonga tulikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani. Dereva yeyote wa Kitanzania anajua maana yake: mbele kuna gari bovu. Lori lilikuwa limegoma kwenye kona, na sisi tukagoma nyuma yake zaidi ya saa nzima.

Nisikufiche, msomaji. Kwa miezi miwili nilikuwa naamini mume wangu ana nyumba ndogo. Anachelewa, halali, simu haiachi. Pale Kitonga, hakuna mtandao wala pa kukimbilia, nikamuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tangu apandishwe cheo ana hofu ya kushindwa, na aliona aibu kuniambia. Sharti la kutozungumzia kazi likavunjika, na namshukuru aliyelivunja.

Picha hazidanganyi

Usiku, kwenye gesti pale Iringa, tukafungua picha. Za kwangu: kinyozi, duka, lori, nyani, matawi, mibuyu. Za kwake: nne kati ya 10 zilikuwa mimi. Mimi nikipatana bei ya vitunguu. Mimi nimelala mdomo wazi. Za kwangu hata moja haikuwa yake.

"Kwa hiyo mimi si kituko?" akauliza. Tulicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Lakini moyoni ilinichoma. Nilikuwa nimemchunguza mume wangu miezi miwili bila kumtazama.

Kesho yake tulikwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye zana za Enzi ya Mawe na nguzo za ajabu zilizochongwa na mmomonyoko. Watu wote walielekeza kamera kwenye nguzo. Mimi nilimpiga yeye, ameinama anafunga kamba za kiatu.

Kabla hujawasha gari

• Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na nunua chochote anachouza.
• Kambi za jeshi na vituo vya polisi, kamera weka chini.
• Anayeendesha hapigi picha. Badilishaneni usukani.
• Wekeni idadi ya picha. Chache zinakufanya utazame kwanza.

Si lazima iwe Iringa. Hata Chalinze na kurudi inatosha. Halafu usiku, hesabu: mwenzio yumo kwenye picha zako ngapi?