Kuchora Nyumba kwa Kompyuta: Jua la Mbeya

Mwanafunzi aanzapo kuchora nyumba kwa programu kama Sweet Home 3D, itolewayo bure, hukimbilia samani na rangi. Hayo yangoje. Kwanza apime chumba halisi kwa futi kamba, unene wa kuta za tofali ukiwamo, ndipo achore.

Kisha airekebishe dira ya programu, yaani latitudo na upande wa kaskazini. Mbeya, iliyo karibu nyuzi 9 kusini ya Ikweta, huwa na baridi mwezi Juni. Adhuhuri ya tarehe 21 jua huwa upande wa kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho. Upenu wa sentimita 60 hutia kivuli sentimita 96 tu za ukuta (60 mara tanjenti ya nyuzi 58); dirisha lililo chini ya hapo hupokea joto. Desemba jua huhamia kusini, nyuzi 75 hivi, na upenu wa upande huo hukinga zaidi ya mita mbili. Iringa hesabu hutofautiana kwa nyuzi moja hivi.

Dira ikiachwa ilivyo, picha yaweza kuonyesha jua tele sebuleni, ilhali nyumba ikishajengwa wenyewe watajifunika mablanketi.